Diski inafunguka ila haipokei kitu: maswali yenu ya Mac na Windows

Habari zenu wadau. Mwezi huu meseji zimekuja nyingi na nyingi zinalia kilio kimoja, mtu kanunua Mac, kachomeka diski yake ya zamani, inafunguka vizuri ila ukitaka kuweka kitu inagoma. Sishangai. Mac za mtumba zimejaa Dodoma siku hizi, zinapanda na basi kutoka Dar, zinapanda na treni ya umeme, wanafunzi wa UDOM wanazo, wapiga picha wanazo, lakini diski za nje tunazonunua madukani nyingi zinakuja zimeshafomatiwa kwa ajili ya Windows na hakuna anayekwambia wakati unalipa. Nimechagua barua tano.

SWALI: Mambo fundi. Mimi ni mpiga picha wa harusi na sendofu, niko Nkuhungu. Miaka yote nilikua natumia laptopu ya Windows, juzi juzi nikapata Mac M1 ya mtumba nikaona nimeula. Sasa diski yangu ya TB 1 yenye kazi zote za wateja nikichomeka inafunguka, picha naziona, video zinacheza, ila nikiburuta folda jipya kuliweka linakataa, nikibofya kulia sehemu ya kupesti haipo, ata kufuta picha moja siwezi. Kuna kijana hapa mtaani kasema diski imeungua, nimwachie aifomati au aniuzie nyingine. Bibi harusi wa Ipagala anataka video yake jumamosi na diski ya kumpa ni hio hio. Nimechanganyikiwa. (Dada Kamera)

JIBU: Dada pole, na cha kwanza kabla hujaendelea kusoma, usimpe huyo kijana hio diski. Haijaungua. Diski iliyoungua haikuchezeshei video.

Iko hivi. Diski yako imefomatiwa kwa mfumo unaoitwa NTFS, ni mali ya Microsoft, ulianza na Windows NT mwaka 1993. Apple wao wameiwekea Mac uwezo wa kusoma NTFS tu, kuandika hawajauweka. Ni kama mtu aliyehamia Dodoma miaka mitatu iliyopita, Wagogo wakiongea sokoni Majengo anaelewa kila kitu mpaka bei wanayopangiana, ila mwambie ajibu, kimya. Ndio Mac yako hapo. Inaelewa kila faili ila mdomo haufunguki.

Kuhakikisha kwamba tatizo ni hilo na sio lingine, bofya mara moja kwenye picha ya diski pale desktopu, alafu bonyeza Command na herufi I kwa pamoja. Itafunguka dirisha dogo refu. Angalia mstari wa Format, kama pana neno NTFS basi umempata mchawi, na ukishuka chini kabisa utaona imeandikwa "You can only read". Watu wengi wakiona hayo maneno wanaanza kuhangaika na kile kikufuli cha pembeni, wanaweka paswedi, wanabadilisha ruhusa, wanarudia mara kumi. Usijisumbue, kwenye NTFS hapo hakuna ruhusa ya kubadilisha.

Sasa jumamosi yako. Umesema ulikua na laptopu ya Windows, natumaini hujaiuza. Kama ipo, ata kama betri imekufa inaishi kwenye waya, chomeka diski kwenye ile ya Windows, sio kwenye Mac, alafu Mac iandike kupitia Wi-Fi. Hapa ndio watu hawaamini mpaka waone. Faili likipita hewani, anayeandika kwenye diski ni Windows mwenyewe, Mac inamkabidhi tu mzigo mlangoni, kwahiyo habari ya NTFS inakua haipo kabisa. Washa hotspoti ya simu, unganisha laptopu zote mbili, na usiogope bando, faili zinatoka laptopu moja kwenda nyingine hapo hapo chumbani, haziendi intaneti. Ila siku hio zima data ya simu kwa amani yako, maana Windows ikinusa Wi-Fi inaweza kuanza kushusha apdeti zake.

Kwenye Windows bofya kulia kwenye ile diski, ingia Properties, kisha Sharing, kisha Advanced Sharing, weka tiki ya kushea, na kabla hujafunga ingia Permissions uweke tiki kwenye Full Control, maana ukiisahau hio utarudi pale pale pa kusoma bila kuandika na utanitukana bure. Hakikisha mtandao umewekwa Private. Fungua lile dirisha jeusi la command, andika ipconfig, chukua ile namba ya IPv4. Nenda kwenye Mac, ukiwa kwenye Finder bofya Go kule juu, Connect to Server, andika smb:// ikifuatiwa na ile namba, itakuomba jina na paswedi ya laptopu ya Windows. Ukiingia tu, buruta folda la bibi harusi, litaenda. Ni polepole kuliko waya, ianze usiku ulale.

Laptopu ya Windows kama umeshaiuza basi mpe bibi harusi kazi yake kwenye fleshi mpya uliyoifomati exFAT, alafu yeye akitaka aihamishie kwenye kompyuta yake.

Na hio exFAT ndio dawa yako ya kudumu. Ni mfumo mwingine wa Microsoft huo huo, wa mwaka 2006, ila huu Mac inausoma na inauandika bila kuongeza kitu chochote, tangu OS X 10.6.5 ya mwaka 2010. Windows nayo inauelewa. Shida ni moja tu, kuigeuza diski kutoka NTFS kwenda exFAT ni kuifuta yote. Hakuna njia ya kuigeuza vitu vikiwa ndani, na anayekwambia ipo muulize kama atalipa picha za watu. Kwahiyo kaazime diski nyingine kubwa, hamishia kila kitu, fungua faili kumi kumi sehemu tofauti uone zinafunguka kweli, ndipo ufomati. Na panga muda. Kama una GB 600 na waya wako ni ule wa USB 2 unaokimbia MB 30 hivi kwa sekunde, hesabu masaa matano na nusu, na umeme wetu unavyojua kuchagua saa ya kukatika, usianze jioni ya ijumaa.

Kufomati mimi napenda kufanyia kwenye Windows, kwasababu diski iliyofomatiwa exFAT kwenye Mac kuna wakati Windows inaikataa. Ukilazimika kufanyia kwenye Mac, fungua Disk Utility, bofya View, chagua Show All Devices, alafu chagua mstari wa juu kabisa wenye jina la kampuni ya diski, sio ule wa chini yake. Bofya Erase, Format weka ExFAT, Scheme weka GUID Partition Map. Inaisha kwa sekunde chache, na ndio maana inatisha, kazi ya miaka inaondoka kabla chai haijapoa.

SWALI: Mbukwenyi fundi! Niko UDOM mwaka wa pili, diski ni ya mshkaji wangu ina NTFS na hataki niifomati ata kwa dawa. Nikasoma mahali kuna programu ya bure, macFUSE pamoja na NTFS-3G, nikashusha kwa bando la usiku, sasa Mac inaniambia niizime nikapunguze ulinzi. Nikaogopa nikaacha. Mwingine kaniambia kuna kamandi ya kuandika kwenye fstab inafungua kila kitu bure. Niende na ipi? (Mwanachuo wa Mac ya mkopo)

JIBU: Mbukwenyi mdogo wangu. Ulivyoogopa umefanya vizuri, kuogopa huko kumeokoa laptopu nyingi.

Ile ya fstab isahau. Ilikua njia ya zamani ya kuiamsha ile sehemu ya kuandika NTFS ambayo Apple waliiacha ndani bila kuikamilisha, ilikua inaandika leo, kesho inavuruga folda, na kwenye Mac zenye mfumo mpya haifanyi kazi tena. Ukiona mtu bado anaifundisha jua kakopi kwa mtu aliyekopi.

macFUSE na NTFS-3G ni kitu cha kweli, sio utapeli. Ile NTFS-3G inatunzwa na Tuxera, kampuni ya Finland, ambao hao hao wanauza na programu ya kulipia ya kazi ile ile, mwenzao sokoni ni Paragon. Zote zinafanya jambo moja, zinaifundisha Mac kujibu. Kwanini sasa inataka upunguze ulinzi? Mac zenye chipu ya Apple, kuanzia M1 ya mwaka 2020, hazikubali programu ya nje iingie kwenye kiini cha mfumo mpaka mwenye mashine aruhusu kwa mkono wake. Unaizima kabisa, unashikilia kitufe cha kuwashia bila kuachia mpaka iandike inapakia startup options, unaingia Options, unatafuta Startup Security Utility kwenye menyu ya Utilities, unachagua Reduced Security na kuweka tiki ya kernel extensions. Ikiwaka unaenda Privacy & Security kwenye setingi, unabofya Allow, unawasha upya. Ata baadhi ya zile za kulipia zimekua zikiomba ruhusa hio hio, kwahiyo usidhani ni ubahili wa programu ya bure.

Mimi nisingefanya kwa diski moja ya mshkaji. Za kulipia zina siku kadhaa za majaribio bure, kama ni kazi ya wiki moja tumia hizo siku umalize, ufute. Kama kila siku unapokea diski za watu wa Windows, hapo nunua, gharama yake ni ndogo kuliko kero. Na kama hiyo Mac ni ya mkopo na bado haujamaliza kulipa, ulinzi wake uuache ulivyo.

Alafu kuna kitu kitakukuta ukiweka programu yoyote kati ya hizo, nakwambia mapema. Unaweza kuiweka vizuri, na bado diski ikakataa kuandikwa, ukadhani umeibiwa. Mara nyingi kosa liko kwa mshkaji. Windows kuanzia 8 ina kitu kinaitwa Fast Startup, ukibofya Shut down haizimiki kweli, inasinzia ikiwa imeshikilia diski, na diski inabaki na alama ya kusema mwenye nyumba hajaondoka. NTFS-3G ikiiona hio alama inakataa kuandika, na iko sahihi. Mwambie mshkaji arudishe diski kwenye Windows yake, azime huku kashikilia kitufe cha Shift, au aitoe kwa ile ikoni ya kutoa salama ndipo achomoe. Ikigoma bado aiendeshee chkdsk, ile kamandi ya Windows ya kukagua diski, yenye /f mwishoni, kule kule kwenye Windows.

SWALI: Fundi mimi diski yangu ni exFAT toka mwanzo, nilikua naandika bila shida. Juzi umeme ukakatika nikiwa nakopi, dogo akapita akachomoa waya. Toka hapo nikichomeka kwenye Mac taa inawaka, diski haionekani, baada ya muda mrefu inaonekana ila ni ya kusoma tu. Ndio imekufa? (Baba Junior, Area C)

JIBU: Haijafa baba Junior, inakaguliwa. exFAT haina daftari la kumbukumbu kama NTFS au ile APFS ya Mac, ikikatizwa katikati haijui ilifikia wapi. Kwahiyo ukiichomeka, Mac kimya kimya inaanza kuikagua yote kabla haijakuonyesha. Fungua Activity Monitor, kwenye kisanduku cha kutafuta andika fsck, ukiona fsck_exfat inakimbia basi ndio hio. Diski kubwa iliyojaa inaweza kuchukua masaa. Watu wanachofanya wanachomoa wakichomeka tena, na kila ukichomoa inaanza upya, utakaa siku tatu.

Iache usiku kucha. Asubuhi kama bado ni ya kusoma tu, toa kwanza nakala ya vitu vyako maana kusoma kunakubali, alafu ipeleke kwenye Windows yoyote, bofya kulia, Properties, Tools, Check, irekebishe. Rudi nayo kwenye Mac. Na dogo umtafutie kiti mbali na meza.

SWALI: Ofisi ilinipa diski ya kazi, niko huku Mtumba, nikaichomeka kwenye Mac yangu binafsi nyumbani nimalizie ripoti. Imeleta ujumbe kwamba haisomeki, na vitufe vitatu, Eject, Ignore na Initialize. Nibonyeze kipi? (Mtumishi)

JIBU: Eject. Ndugu yangu, Eject. Ukishamaliza kubonyeza ndio uendelee kusoma.

Hilo neno Initialize linanikumbusha jambo ambalo nimelisimulia kwa watu wachache. Miaka ile naanza ufundi, nililetewa diski kama yako, ujumbe ule ule. Nikaona neno limekaa kitaalamu, nikabonyeza. Ikafunguka Disk Utility, nikaona diski iko pale ila rangi ya kijivu, nikajiambia huyu anataka kuamshwa tu, nikabofya Erase nikidhani nafuta kosa. Nilifuta diski. Mwenyewe alikua amekaa kwenye benchi ananisubiri, anakula karanga. Mpaka leo nikisikia mtu anabanja karanga nyuma yangu najisikia vibaya.

Yako kwa maelezo hayo, na kwa kuwa ni ya ofisi, nahisi imefungwa kwa BitLocker, ile kufuli ya Windows. Iliyofungwa hivyo Mac haiwezi ata kuisoma, tofauti na ya Dada Kamera hapo juu, kwahiyo inaiona kama diski tupu isiyo na kitu na ndio inakupendekezea kuianzisha upya. Vitu vyako vyote viko ndani salama. Rudi nayo ofisini, ichomeke kwenye kompyuta ya Windows, itaomba paswedi. Ukitaka kufanyia kazi nyumbani waulize watu wa TEHAMA wa ofisi yako kama unaruhusiwa, maana hio kufuli hawakuiweka kwa bahati mbaya.

SWALI: Shikamoo fundi, ingawa nadhani mimi ndio mkubwa. Ni mzee wa kwaya Mpwapwa. Kijana wetu anatengeneza video za kwaya kwenye Mac. Kadi ya kamera inasema imefungwa haiandiki, na fleshi ya kuchezea kwenye TV ya kanisani inakubali nyimbo ndogo ndogo, ila ile ibada nzima ya pasaka inakataa, inasema faili ni kubwa wakati fleshi ina GB 32 na iko tupu. Yote mawili yanatuchosha. (Mzee wa sauti ya nne)

JIBU: Marahaba naikataa mzee, shikamoo ni yangu mimi kwako.

Kadi kwanza. Itoe, iangalie ubavuni upande wa kushoto, kuna kijikufuli kidogo cha plastiki kinachopanda na kushuka. Kikishuka kadi inafungwa, na hua kinashuka chenyewe ukiichomeka kwa kuibana. Kipandishe kwa ukucha. Kama kimeng'oka kabisa, bandika kipande chembamba cha selotepu pale pengo lilipo, kwasababu kile kijikufuli hakizimi chochote ndani ya kadi, ni kisomeo cha kompyuta ndicho kinachopapasa kuona kiko wapi. Kijana akitaka uhakika kabla ya selotepu, aandike diskutil list kwenye Terminal apate jina la kadi, kisha diskutil info na hilo jina. Mstari wa Media Read-Only ukisema Yes, mkosaji ni kile kijikufuli au kadi yenyewe. Ukisema No, na wa Volume Read-Only ndio una Yes, tatizo liko kwenye fomati.

Fleshi ni FAT32, na FAT32 haipokei faili moja linalofika GB 4, ata fleshi ingekua tupu mpaka mwangwi unasikika. Nyimbo moja moja zinapita kwasababu ni ndogo, ibada nzima ya masaa matatu ni faili moja kubwa. Kijana ajaribu kuifomati exFAT, na kwenye Scheme achague Master Boot Record, sio GUID, maana TV nyingi za zamani GUID haziioni. Aichomeke kwenye TV na wimbo mmoja kujaribu. TV ikikubali, basi. Ikikataa exFAT, arudishe ile ya mwanzo, ambayo kwenye Disk Utility imeandikwa MS-DOS (FAT), na ibada aikate vipande viwili, mahubiri yakae kwenye cha pili. Na akimaliza kukopi, abofye ile ikoni ya kutoa kwenye Mac asubiri fleshi ipotee kwenye skrini ndipo aichomoe, baba Junior hapo juu atawaeleza.